Sura ya Sita: Mchanga Mweusi wa Kollam

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi muulizaji ameshajijibu moyoni. Huenda ni mama wa Kwale aliyejifungua mtoto mwenye mdomo wa sungura, na jirani akamkumbusha kwamba kilima cha Mrima, kile chenye msitu wa kaya ya Wadigo, kina madini yanayotoa mionzi. Huenda ni kijana anayechimba fosfeti ya mbolea kule Minjingu, mkoani Manyara, aliyesikia kwamba mwamba ule una urani ndani yake. Huenda ni dada wa Bukoba, mimba ya miezi minne, aliyetumiwa ujumbe kwenye simu kwamba hata ndizi ina mionzi. Wote wanauliza kitu kimoja. Mionzi ya asili, ile ambayo hakuna mtu aliyeileta, inaweza kumharibu mtoto tumboni?

Nitoe jibu fupi mapema, kwa ajili ya mjamzito ambaye hana subira ya kusoma sura nzima. Waliohesabu watoto kwa makini, hata mahali ambapo ardhi ina mionzi mara nyingi kuliko kawaida, hawajaona kasoro za kuzaliwa zikiongezeka. Mionzi mingi inayopigwa kwa mkupuo mmoja ni habari nyingine, nasi tutaifikia. Jibu refu linapitia pwani ya kusini mwa India, kwa watu wanaosuka kamba.

Mionzi ni nini, na iko wapi?

Kila kitu kimejengwa kwa atomu, yaani chembe ndogo sana zisizoonekana hata kwa darubini ya kawaida ya maabara. Atomu nyingi zimetulia. Chache hazijatulia: siku moja, bila kuguswa na mtu, atomu hiyo hujibadilisha na kutema nguvu. Nguvu hiyo inayotemwa ndiyo mionzi tunayoizungumzia hapa. Ikipita mwilini inaweza kugonga seli, yaani vijumba vidogo vinavyojenga mwili, na kuharibu maandishi ya urithi yaliyomo ndani yake. Seli nayo si mjinga. Ina mafundi wake wa kukarabati, na huwa kazini usiku na mchana, kwa sababu maandishi hayo huharibiwa pia na joto, na kemikali, na hata hewa tunayovuta.

Mionzi ya asili hutufikia kwa njia nne: kutoka angani, kutoka kwenye udongo na mawe, kutoka kwenye hewa yenye gesi iitwayo radoni inayofuka toka ardhini, na kutoka kwenye chakula. Radoni peke yake huchukua karibu nusu ya yote. Anayeishi Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hupata mionzi ya angani mingi kidogo kuliko nduguye wa Mombasa, na hakuna anayehama kwa sababu hiyo.

Kipimo chake kinaitwa milisiveti. Wataalamu wana vipimo kadhaa na wanavitofautisha kwa ukali, lakini kwa mionzi ya sura hii tofauti ni ndogo, kwa hiyo nitatumia hicho kimoja tu. Shika namba moja kichwani: mtu wa kawaida duniani hupata takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutokana na asili.

Na ndizi? Ni kweli, ina mionzi, kwa sababu ina potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani haijatulia. Ila mwili wako nao una potasiamu, maana bila hiyo moyo haupigi. Ndani ya mtu mzima, zaidi ya atomu 4,000 za potasiamu hujibadilisha kila sekunde. Hesabu moja, mbili, tatu: zimeshapita zaidi ya elfu kumi. Ukila ndizi tano mwili huchukua potasiamu unayohitaji na kuitoa iliyozidi kwa mkojo, hivyo kiwango kilichomo hakipandi. Mtu aliyeutuma ule ujumbe wa Bukoba alisema kweli nusu, na nusu ya kweli husumbua kuliko uongo mzima.

Kamba ya usumba

Mkaaji wa pwani yetu anaijua kazi hii. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya ufukweni kwa miezi, kisha kina mama huyafukua, huyaponda, na nyuzi zake, usumba, husokotwa kuwa kamba. Vyombo vya zamani vya baharini viitwavyo mitepe vilishonwa kwa kamba hizo bila msumari hata mmoja. Ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Kerala, India, kazi ni ileile, na pepo zilizobeba majahazi baina ya pwani hizi mbili ni zilezile.

Mwaka 1909 Mjerumani mmoja, mkemia aliyeitwa Schomberg, aliona punje za mchanga wa rangi ya manjano na kahawia zimenasa kwenye kamba za usumba zilizotoka huko. Alizitambua: monazaiti, madini yenye thoriamu. Thoriamu ni metali isiyotulia, na wakati ule ilikuwa mali, kwa sababu ndiyo iliyofanya kile kisoksi cheupe cha taa za gesi king'ae. Wazee waliovua dagaa kwa karabai wanakikumbuka kisoksi hicho, kinachogeuka majivu lakini hakianguki mpaka ukiguse. Kwa miongo mingi visoksi hivyo vilitengenezwa kwa thoriamu. Kisoksi kilichowaita dagaa kwa mwanga wake Ziwa Tanganyika na Zanzibar kilikuwa na mionzi kidogo ndani yake, na mvuvi alikishika kwa vidole.

Schomberg alifuatilia mchanga hadi chanzo chake. Mito inayoshuka kutoka milima ya Ghats Magharibi huikwangua miamba na kuipeleka baharini, kisha mawimbi ya msimu wa mvua huirudisha ufukweni yakiichambua kwa uzito, kama mama apetavyo mchele. Punje nyepesi huondoka na nzito hubaki. Ndiyo maana kwenye ukanda mwembamba wa wilaya ya Kollam, baina ya Neendakara na Karunagappally, mchanga ni mweusi na mzito, na ndani yake mna monazaiti ambayo karibu sehemu moja ya kumi ni thoriamu.

Watu wamejenga juu ya mchanga huo. Ni wavuvi, wasokota kamba na wachuuzi. Wamesongamana, nyumba ukuta kwa ukuta, vizazi na vizazi. Kuna nyumba zinazopata chini ya milisiveti 1 kwa mwaka kutoka ardhini, na nyingine, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, hufikia 45. Ukitaka kujua kama ardhi inawadhuru watoto, ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi pa kuuliza. Watu ni wengi, chakula chao ni kimoja, lugha moja, hospitali zilezile, na kinachotofautiana ni mchanga ulio chini ya kitanda.

Kumi na wawili, na sifuri

Mwaka 1976 jarida la Uingereza liitwalo Nature lilichapisha ripoti ya madaktari wa India waliopita nyumba kwa nyumba katika ukanda huo. Kati ya watu 12,918 walikuta 12 wenye hali ya Down, ile inayotokea mtoto anapozaliwa na nakala moja ya ziada ya sehemu ya maandishi ya urithi. Katika eneo la kulinganishia, lenye mionzi ya kawaida, walipima watu 5,938. Hawakumkuta hata mmoja.

Kumi na wawili dhidi ya sifuri. Ukiisoma namba hiyo usiku, na una mjamzito nyumbani, hulali.

Lakini wenzao walipoitazama kwa utulivu, kilichowashangaza ni ile sifuri. Watu 12 kati ya karibu 13,000 ni chini ya mmoja kwa kila elfu, na hicho si kiwango cha ajabu; unaweza kukikuta mahali pasipo na monazaiti hata punje. Jambo la ajabu lilikuwa eneo la watu karibu 6,000 lisilo na hata mmoja. Ama walikuwa na bahati, ama watoto wa hali hiyo walikuwa wamefariki mapema, ama hawakuonyeshwa kwa wageni. Isitoshe, hali ya Down hutegemea sana umri wa mama: kwa mama wa miaka 20 ni takriban mtoto mmoja katika 1,500, kwa mama wa miaka 40 ni mmoja katika 100 hivi. Ukilinganisha vijiji viwili bila kujua akina mama walizaa wakiwa na umri gani, unaweza kuusingizia mchanga kazi ya miaka.

Sisemi madaktari wale walikosea kwa uzembe. Walifanya kazi ngumu, kwa miguu, na waliuliza swali lililostahili kuulizwa. Kilichowaponza ni udogo wa hesabu.

Kwa nini wahesabiwe watoto laki moja?

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo waandishi wa habari.

Kasoro ya kuzaliwa ni hitilafu ya umbo au ya utendaji wa kiungo ambayo mtoto huja nayo duniani: mdomo wa sungura, mguu kifundo, mgongo wazi, tundu kwenye moyo. Kila mahali duniani, penye mionzi na pasipo na mionzi, takriban watoto 3 kati ya 100 huzaliwa na kasoro kubwa. Hicho ndicho kiwango cha msingi. Kata inayozaa watoto elfu moja kwa mwaka itapata kama 30, kila mwaka, bila kosa la mtu.

Halafu hao 30 hawagawanyiki sawa. Chukua konzi ya choroko uimwage kwenye sakafu ya vigae. Kigae kimoja kitapata punje saba, kingine hakuna. Hujakichagua kile chenye saba, wala hakina sumaku. Ila kama kigae hicho ni mtaa wako, na karibu yake kuna mgodi, au mnara wa simu, au kilima chenye sifa mbaya, utaambiwa sababu kabla hujamaliza kuhesabu.

Sasa tuseme ardhi inaongeza kasoro, na tunataka kuliona ongezeko hilo. Kama inazifanya ziwe mara mbili, kutoka 3 hadi 6 kwa mia, hatuhitaji watu wengi: watoto kama 750 wa eneo lenye mionzi na 750 wa eneo la kawaida wanatosha kutupa ushahidi wa maana. Lakini kama inaongeza kidogo tu, kutoka 3 hadi 3.3, hesabu za takwimu hudai watoto zaidi ya 50,000 kila upande. Ongezeko likiwa dogo, umati wa kulionyesha lazima uwe mkubwa mno.

Watafiti wa Kollam walilijua hilo. Kuanzia mwaka 1995 waliwapima watoto wachanga katika hospitali za eneo hilo, wakiandika kila kasoro kubwa na kila mtoto aliyezaliwa amefariki, pamoja na umri wa mama, na kama wazazi ni ndugu wa damu, na nyumba wanayotoka. Nyumba zilipimwa mionzi. Ripoti yao ya mwaka 2013 ilikuwa na watoto zaidi ya laki moja na arobaini elfu. Walipozipanga familia kufuata kiwango cha mionzi, kutoka cha chini hadi cha juu, kasoro hazikupanda pamoja nacho. Watoto waliozaliwa wamefariki nao hawakuongezeka.

Kazi hiyo nayo ina mianya, na afadhali niitaje mwenyewe kuliko msomaji mkali anikamate. Hospitali humwona mtoto siku zake za kwanza, ilhali matundu mengine ya moyo hugunduliwa mtoto akiwa na miezi au miaka. Mimba zilizotoka mapema hazimo. Na mwaka 2002 wanasayansi wengine walichunguza familia za ufukwe huohuo wakakuta mabadiliko madogo yaliyoongezeka katika sehemu moja ya maandishi ya urithi, ile inayorithiwa kwa mama peke yake. Mabadiliko hayo yanasomeka maabara. Tofauti ya herufi kwenye maandishi si lazima iwe kasoro kwenye mwili, kama ambavyo kosa la chapa ukurasa wa 212 halikuzuii kukielewa kitabu. Lakini lipo, na mtu asikudanganye kwamba mionzi ya Kollam haifanyi lolote kabisa.

Kwa ufupi hadi hapa:
- Watoto 3 hivi kati ya 100 huzaliwa na kasoro kubwa popote pale.
- Kundi dogo la visa mtaani, peke yake, halitoshi kumtia hatiani mtuhumiwa yeyote.
- Palipohesabiwa watoto wengi kuliko kwingine, kwenye mchanga wa Kerala, kasoro hazikuongezeka kwa kadiri ya mionzi.

Nyumba za Ramsar

Wasomaji wa Tanzania wanalijua jina la Ramsar bila kujua wanalijua. Bonde la Kilombero, Ziwa Natron, Malagarasi na Muyovozi huitwa maeneo ya Ramsar, kwa sababu mkataba wa kuhifadhi ardhioevu ulitiwa saini mwaka 1971 katika mji huo wa Iran, kando ya bahari ya Kaspi. Mji huohuo una chemchemi za maji moto zenye radiamu, metali nyingine isiyotulia. Maji yakipoa huacha mawe, na watu wa mtaa wa Talesh Mahalleh wameyatumia mawe hayo kujengea nyumba. Katika nyumba moja, kipimo kilifikia milisiveti 260 kwa mwaka, zaidi ya mara mia ya wastani wa dunia.

Ramsar hutajwa sana na wanaotaka kuthibitisha kwamba mionzi ni salama kabisa. Mimi siiamini hoja yao. Nyumba za namna hiyo ni chache mno na wakazi wake ni wachache mno. Kwa hesabu tuliyoifanya sasa hivi, hata kama kasoro zingeongezeka kwa robo, tusingeziona. Ukimya wa watu wachache si ushahidi. Nguvu ya Kollam ni kwamba watu wake ni wengi.

Njia mbili za kumfikia mtoto

Mionzi ina njia mbili za kumfikia mtoto ambaye hajazaliwa. Ya kwanza ni kabla ya mimba, kwa kuharibu yai la mama au mbegu ya baba, na mtoto akarithi kosa. Ya pili ni ndani ya tumbo, wakati viungo vinajengwa.

Njia ya kwanza ndiyo iliyowatisha wanasayansi zaidi, tangu Hermann Muller alipoonyesha mwaka 1927 kwamba mionzi ya eksirei hubadilisha urithi wa nzi wa matunda. Baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, kila mtu alitarajia kizazi cha watoto wenye maumbo ya kutisha. Wamarekani na Wajapani walianza kuhesabu. Njaa ya wakati ule iliwasaidia: mjamzito wa Japani aliyefikisha wiki 20 alistahili kuongezewa mgawo wa chakula, basi wajawazito walijiandikisha wenyewe, na watafiti wakapata orodha. Kati ya mwaka 1948 na 1954 walipimwa watoto wapatao 77,000. Wenye wazazi walionusurika na bomu hawakuonekana kuwa na kasoro nyingi kuliko wengine kwa kiasi kinachoweza kupimika. Walionusurika walikuwa wamebeba aibu na hofu bure. Baadhi walikataliwa wachumba kwa ajili hiyo.

Njia ya pili ni ya kweli, na hapa sitapunguza maneno. Kati ya watoto wapatao 1,600 waliokuwa tumboni bomu lilipolipuka, 30 walipata ulemavu mkubwa wa akili, na baadhi walizaliwa na vichwa vidogo. Walioathirika zaidi ni wale ambao mimba ilikuwa na wiki 8 hadi 15, wakati ubongo unajengwa kwa kasi, na ambao mama zao walipigwa na mionzi mingi kwa kufumba na kufumbua.

Kutokana na hayo na mengine, wataalamu wa kinga ya mionzi husema kwamba kasoro za maumbo hazitarajiwi pale ambapo mtoto tumboni amepata chini ya milisiveti 100 hivi. Sasa ipige hesabu mwenyewe. Mimba ya kawaida, mahali pa kawaida, humpa mtoto milisiveti 1 au pungufu kwa miezi yote tisa. Kwenye nyumba kali kabisa ya Kollam, ile ya 45 kwa mwaka, miezi tisa ni kama 34, tukijifanya mama hatoki nje hata siku moja. Na hizo 34 huja polepole. Rasharasha ya miezi tisa na gharika ya usiku mmoja zinaweza kumwaga maji sawa, lakini ni gharika inayobomoa nyumba, kwa sababu haikuipa ardhi muda wa kunywa. Seli nazo huhitaji muda wa kukarabati.

Saratani ina hesabu yake. Katika miaka ya 1950 daktari wa Uingereza, Alice Stewart, aligundua kwamba watoto waliopigwa picha za eksirei wakiwa tumboni walipata saratani ya utotoni mara nyingi kidogo kuliko wenzao. Alibishiwa kwa miaka mingi, kisha hospitali zikabadili desturi zao. Ndiyo sababu mhudumu wa eksirei hukuuliza kama una mimba, na ndiyo sababu unapaswa kumwambia ukweli hata kama mama mkwe amesimama karibu.

Viwango vichache vya kulinganisha, kwa mtoto aliye tumboni:
- Picha moja ya kifua ya mama: chini ya milisiveti 0.01.
- Ndege kutoka Nairobi hadi London: chini ya 0.05.
- Kipimo cha CT cha tumbo la mama: kwa kawaida kati ya 10 na 25.
- Picha za mtoto kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile ya kliniki ya wajawazito: sifuri, kwa sababu haitumii mionzi hii kabisa.

Hofu nayo ina hesabu yake

Mwezi Aprili 1986 mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka, na wingu lake likafika Ugiriki. Kiasi kilichowafikia Wagiriki kilikuwa kidogo, chini ya kile ambacho asili huwapa kwa mwaka. Lakini magazeti yalipiga kelele, madaktari wenyewe hawakuwa na hakika, na mjamzito aliyeuliza alijibiwa kwa mabega. Miezi tisa baadaye, Januari 1987, waliojifungua walipungua ghafla. Watafiti wa Ugiriki wakiongozwa na Dimitrios Trichopoulos walikadiria kwamba mimba 2,500 hivi, zilizokuwa zimetakiwa na wazazi wao, zilitolewa kwa hofu ya mionzi.

Nimeisoma ripoti hiyo mara kadhaa, na kila mara hunikalia kifuani kuliko habari za bomu. Bomu lilirushwa na adui. Hapa hapakuwa na adui. Palikuwa na swali la kiasi gani, na watu waliopaswa kulijibu hawakulijibu.

Kwetu hofu huchukua sura nyingine. Mtoto akizaliwa na kasoro, lawama hutafuta mahali pa kukaa: mama alipita wapi, alikula nini, alilogwa na nani, alitoka ukoo gani. Kilima chenye madini ni afadhali kidogo, kwani angalau hakina shemeji wa kukisema. Lakini lawama ikikaa kilimani, sababu ambazo zingezuilika zinaendelea na kazi yake bila kusumbuliwa.

Wanaojulikana

Kasoro nyingi, hata leo, hazina sababu inayoweza kutajwa kwa mtoto huyu au yule. Hata hivyo baadhi ya watuhumiwa wanajulikana kwa majina. Rubela, ugonjwa wa vipele unaofanana na surua, ukimshika mama mwanzoni mwa mimba humpofusha mtoto, humziba masikio na kumharibu moyo. Chanjo yake ilianza kutolewa pamoja na ya surua Tanzania mwaka 2014 na Kenya 2016. Kisukari kisichodhibitiwa kimo. Kaswende imo. Pombe imo, iwe bia ya chupa au chang'aa. Dawa moja ya kifafa, valproeti, imo, na mwanamke anayeitumia azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, wala asiiache ghafla peke yake.

Halafu kuna foliki. Hii ni vitamini inayopatikana kwenye mboga za majani na jamii ya kunde. Uti wa mgongo wa mtoto huanza kama mfereji unaojikunja na kujifunga, na hufungwa ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa. Foliki ikipungua, mfereji unaweza kubaki wazi. Matokeo yake ni mgongo wazi, mara nyingi pamoja na kichwa kujaa maji, kasoro inayojulikana vizuri kwenye wodi za upasuaji wa watoto. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulioongozwa na Waingereza, kwa akina mama ambao walishawahi kupata mtoto wa hali hiyo, ulionyesha kwamba vidonge vya foliki vikianzwa kabla ya mimba huzuia visa 7 kati ya 10. Sijui kitu kingine katika sura hii chenye namba kubwa namna hiyo.

Tatizo ni kalenda. Wiki nne tangu kutungwa ni wakati ambapo wengi ndiyo kwanza wanajiuliza mbona siku zimepitiliza. Kliniki watafika mwezi wa nne, wapewe kadi na vidonge vya FEFO, yaani madini ya chuma na foliki, ambavyo vitawaongezea damu, lakini mfereji ulishajifunga au ulishakataa kujifunga. Kwa sababu hiyo Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2012 zilivitaka viwanda vya unga viongeze virutubisho, foliki ikiwemo. Unga wa pakiti unapaswa kuwa nayo. Mahindi unayopeleka kwa debe kwenye mashine ya mtaani hurudi yakiwa dona safi, tamu, bila kilichoongezwa.

Yule dada wa Bukoba, basi, ale ndizi zake. Kwa mimba ya miezi minne, mgongo wa mtoto wake umeshaamuliwa muda mrefu, na yaelekea sana uko salama. Maharage anayopikia ndizi hizo yana foliki ya asili, ingawa peke yake haiwezi kutegemewa. Mtu wa kumtumia ujumbe sasa ni mdogo wake, yule aliyeolewa Desemba na bado hajashika mimba: kidonge kimoja cha foliki kila siku, aanze mwezi huu.